Baada ya upasuaji wa tumbo: kwa nini utumbo wa baadhi ya watoto huchelewa kuamka

Katika wodi za upasuaji wa watoto, kuanzia Mulago jijini Kampala hadi hospitali za wilaya zilizo karibu na mpaka wa Uganda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kuna swali ambalo wauguzi huwauliza wazazi kila asubuhi: mtoto ameshatoa hewa? Asiyezoea wodi huweza kulidhania kuwa swali la mzaha. Kwa daktari ni swali zito, kwa kuwa hewa inayotoka kwa njia ya haja kubwa ni miongoni mwa dalili za mwanzo, zisizohitaji mashine yoyote, kwamba utumbo uliolala tangu siku ya upasuaji umeanza tena kazi yake.

Kwa watoto wengi jibu zuri hupatikana ndani ya siku moja hadi tatu. Mtoto aliyetolewa kidole tumbo mapema, kabla hakijapasuka, huweza kunywa maji siku ileile na kula uji kesho yake. Lakini wapo ambao siku ya tano hupita, na ya saba, tumbo likiwa limejaa kama ngoma na mpira wa puani ukiendelea kutoa maji ya kijani. Kuchelewa huko kuna gharama. Mtoto hapati chakula cha kutosha wakati ambao kidonda chake kinakihitaji zaidi, sindano ya dripu inayokaa siku nyingi hufungulia vijidudu mlango wa kuingia mwilini, na mzazi anayemuuguza huwa ameacha shamba, biashara na watoto wengine nyumbani.

Sababu za tofauti hiyo zinajulikana kwa kiasi kikubwa, na nyingi kati yake huwa zimekwisha kutokea kabla kisu hakijagusa ngozi.

Namna utumbo unavyolala

Utumbo husukuma chakula kwa mawimbi ya misuli yanayofuatana kutoka juu kwenda chini, na mawimbi hayo huongozwa na mtandao wa neva uliomo ndani ya kuta za utumbo wenyewe. Mwaka 1899 wanafiziolojia wawili wa London, William Bayliss na Ernest Starling, walionyesha kwa majaribio yao juu ya wanyama kwamba kufungua tumbo na kushikashika utumbo kunatosha kuyanyamazisha mawimbi hayo, na kwamba amri ya kunyamaza hupitia neva zitokazo kwenye uti wa mgongo. Huo ndio usingizi wa kwanza, na huanza papo hapo.

Usingizi wa pili huja saa kadhaa baadaye, nao ndio unaodumu. Utumbo ulioshikwa, kuvutwa na kukaushwa na hewa ya chumba cha upasuaji huvimba ndani kwa ndani. Chembe za kinga zilizomo kati ya misuli yake huamka, huita wenzake kutoka kwenye damu, na kemikali wanazozitoa huilegeza misuli. Kadiri utumbo ulivyoshikwa kwa muda mrefu na kwa nguvu zaidi, ndivyo uvimbe huo unavyokuwa mkubwa. Upasuaji wa saa tatu wenye kukata na kuunga utumbo hauwezi kulinganishwa na ule wa dakika arobaini.

Sehemu zote hazilali kwa muda sawa. Utumbo mwembamba huanza kucheza baada ya saa chache, na kwa kawaida kabla ya siku moja kwisha. Tumbo la chakula huchukua siku moja hadi mbili, na utumbo mpana, ambao ndio wa mwisho, siku mbili hadi tatu. Kwa hiyo hewa inayosubiriwa na wauguzi hutangaza kuamka kwa yule aliyelala zaidi, ilhali wengine huenda walikwisha kuamka. Jambo hilo ndilo lililowafanya madaktari wa siku hizi waitilie shaka kanuni ya zamani ya kumnyima mtoto chakula hadi atoe hewa.

Siku zilizopotea kabla ya hospitali

Ikiwa patatakiwa kutajwa sababu moja inayozidi nyingine zote katika ukanda huu, ni uchafu uliomwagika ndani ya tumbo kabla mtoto hajafika kwa daktari. Kidole tumbo kilichopasuka, utumbo uliojisokota ukafa, au tundu lililotobolewa na homa ya matumbo, vyote humwaga kinyesi na usaha katika uwazi wa tumbo. Utando unaoufunika utumbo huwaka, na utumbo uliozungukwa na usaha huacha kucheza. Kwa kweli katika hali hiyo utumbo huwa umepooza hata kabla ya upasuaji. Daktari humkuta mgonjwa amekwisha kuvimba.

Mfano ulioandikwa vizuri unatoka Kasese, magharibi mwa Uganda, wilaya inayopakana na Kongo. Kati ya mwisho wa Desemba 2007 na mwisho wa Julai 2009, mlipuko wa homa ya matumbo wilayani humo uliorodhesha wagonjwa 577. Kati yao, 249 walitobolewa utumbo na 47 walifariki. Idadi hiyo ya waliotobolewa ni kubwa mno, kwani kwa kawaida ni asilimia ndogo tu ya wenye homa hiyo wanaofikia hatua ya kutobolewa. Tafsiri ya wachunguzi ilikuwa kwamba wagonjwa wengi zaidi hawakuhesabiwa, na kwamba aliyeonekana hospitalini mara nyingi alikuwa yule aliyekwisha kuharibikiwa. Vimelea vilivyopimwa vilikuwa sugu kwa dawa kadhaa za zamani zilizokuwa rahisi kupatikana, na maji yaliyotumiwa na wananchi yalikuwa yamechafuka. Upande wa pili wa Kongo, mjini Kinshasa, mlipuko ulioanza Septemba 2004 ulifikisha wagonjwa zaidi ya 42,000 ilipofika Januari 2005; 696 kati yao walipata uambukizo wa uwazi wa tumbo au kutobolewa utumbo.

Homa ya matumbo hutoboa sehemu ya mwisho ya utumbo mwembamba, aghalabu katika wiki ya pili au ya tatu ya ugonjwa, na waathiriwa wengi ni watoto wa umri wa shule. Mtoto huanza na homa, hupewa vidonge vya malaria, kisha dawa za duka lililo karibu, na pengine mitishamba. Siku anayolia kwa maumivu makali ya ghafla, tumbo likawa gumu kama ubao, huwa tayari ameishiwa nguvu kwa siku kumi au zaidi za kutokula. Tangu hapo kila saa ina uzito. Usafiri wa usiku usiopatikana, kituo cha afya kisicho na daktari wa kupasua, barua ya rufaa inayosubiri saini: hayo yote huishia kupimwa kwa wingi wa usaha unaokutwa tumboni, na wingi huo huishia kupimwa kwa siku ambazo utumbo utachukua kuamka.

Mtoto wa namna hii hukabiliwa pia na hatari ya kupasuliwa mara ya pili, ama kwa sababu usaha umejikusanya upya au kwa sababu mshono wa utumbo umevuja. Kuvuja huko mara nyingi hujitangaza kwa njia ileile ya ukimya wa utumbo. Kwa hiyo utumbo unaokataa kuamka siku ya tano au ya sita, hasa ukiambatana na homa na mapigo ya moyo ya kasi, humfanya daktari mwangalifu aulize ni kitu gani kinaendelea kuuchokoza.

Damu, chumvi na maji

Misuli ya utumbo, kama misuli ya moyo, hutegemea potasiamu. Mtoto aliyetapika na kuharisha kwa siku nyingi hupoteza potasiamu nyingi, na mpira wa puani huendelea kuipoteza kila siku. Magnesiamu ikipungua pamoja nayo, kuirudisha potasiamu huwa kugumu. Hili ni miongoni mwa mambo machache yanayoweza kurekebishwa haraka, ikiwa maabara ina vitendanishi vya kupimia. Penye upungufu huo, mtoto huweza kukaa siku tatu akingojewa aamke ilhali utumbo wake unangojea madini.

Maji ya dripu nayo yana pande mbili. Mtoto aliyekauka lazima ajazwe maji kabla ya upasuaji, la sivyo utumbo hukosa damu. Lakini akizidishiwa baada ya hapo, maji hujipenyeza katika kuta za utumbo, zikavimba na kuwa nzito, na mawimbi yakadhoofika. Ndiyo maana muuguzi hupima mkojo na kuandika kila chupa iliyoingia. Mzazi aliyeambiwa asimwage mkojo wa mtoto kabla haujapimwa anashiriki, pengine bila kujua, katika tiba ya utumbo.

Utapiamlo ni jambo jingine, nao hautibiki kwa siku mbili. Mtoto aliyedhoofu huwa na protini chache katika damu. Maji huvuja kutoka kwenye mishipa na kuuvimbisha mwili, utumbo ukiwemo, mshono hupona polepole, na kinga ya mwili haina nguvu za kuusafisha usaha uliobaki. Upungufu wa damu huzidisha tatizo. Mtoto wa aina hii, upasuaji wake ukiweza kusubiri, hunufaika na wiki kadhaa za lishe kwanza. Upasuaji wa dharura hautoi nafasi hiyo.

Dawa ya maumivu: adui na rafiki

Mofini na jamaa zake, kama pethidini na tramado, hupunguza maumivu kwa kushika milango maalumu kwenye neva za ubongo na uti wa mgongo. Milango ya aina hiyohiyo imejaa katika kuta za utumbo. Dawa ikiishika, mawimbi hupungua na choo hukauka. Kiasi kikubwa cha mofini kwa siku nyingi ni miongoni mwa sababu zinazojulikana sana za utumbo kuchelewa.

Wazazi wengine wakisikia hivyo huomba mtoto asipewe dawa hiyo kabisa. Wanakosea. Maumivu yasiyotulizwa huziamsha zile neva zinazoutuliza utumbo, na mtoto mwenye maumivu hapumui vyema, hakohoi wala hageuki kitandani. Uganda, ambayo kwa miaka mingi imejijengea sifa barani Afrika kwa kuwapatia wagonjwa wenye maumivu makali mofini ya maji bila malipo, haina sababu ya kurudi nyuma katika hilo. Kinachotakiwa ni kuichanganya kwa busara: parasetamo itolewe kwa saa zake hata kama mtoto halalamiki, aipurofeni iongezwe pale ambapo figo na hali ya mwili zinaruhusu, sindano ya ganzi ichomwe kando ya kidonda au sehemu ya chini ya mgongo wakati wa upasuaji, na mofini ibaki kwa yale maumivu yanayozidi hayo yote. Kadiri ganzi inavyofanya kazi kubwa, ndivyo mofini kidogo inavyotosha.

Watoto wachanga ni habari nyingine

Kwa mtoto aliyezaliwa jana au juzi, siku tatu za kungojea si kipimo kinachofaa. Wapo wanaozaliwa utumbo ukiwa nje ya mwili, umetoka kupitia tundu lililo kando ya kitovu. Utumbo huo huwa umeelea katika maji ya uzazi kwa miezi kadhaa, umekuwa mnene na umefunikwa na utando mgumu. Hata ukirudishwa ndani kwa ustadi, huchukua wiki kadhaa kabla ya kupokea maziwa ya kutosha. Akizaliwa kabla ya miezi yake kutimia, au sehemu ya utumbo ikiwa imeziba au imekufa, muda huzidi kurefuka. Dawa ya erithromisini, iliyotarajiwa kuuharakisha utumbo wa watoto hawa, ilipojaribiwa haikuonyesha faida.

Katika nchi tajiri mtoto huyo hulishwa kwa mshipa, kwa mchanganyiko wa sukari, protini na mafuta, hadi utumbo uamke, na zaidi ya tisa katika kila kumi huishi. Utafiti uliofanywa Mulago katika muongo uliopita ulikuta kwamba karibu watoto wote wa aina hiyo waliofikishwa pale walifariki. Utumbo wao haukuwa mbaya kuliko wa mtoto wa London. Walichelewa kufika, wakiwa wamepoa mwili na kukaukiwa maji, na hapakuwa na chakula cha mshipa cha kuwavusha katika wiki za kungojea. Tangu wakati huo madaktari wa watoto nchini humo wamekuwa wakitumia mfuko laini unaoushikilia utumbo na kuurudisha kidogo kidogo kando ya kitanda, bila dawa ya usingizi mzito, na kuanza maziwa ya mama mapema kwa matone. Mwaka 2021 ilifunguliwa pia hospitali ya upasuaji wa watoto mjini Entebbe, iliyojengwa na shirika la Emergency la Italia kwa michoro ya Renzo Piano. Hata hivyo madaktari bingwa wa upasuaji wa watoto ni wachache mno kwa nchi ambayo karibu nusu ya wakazi wake ni watoto.

Kundi jingine ni la watoto waliozaliwa bila chembe za neva katika sehemu ya mwisho ya utumbo mpana. Choo chao cha kwanza huchelewa kupita siku mbili, na tumbo hufura. Kwa hao, sehemu isiyo na neva isipoondolewa yote, utumbo hautaamka hata ungojewe mwezi mzima. Mtoto aliyekwisha kufanyiwa upasuaji huo akaendelea kufura na kukosa choo anahitaji kupimwa upya. Dawa za kulainisha choo peke yake hazitoshi.

Kinachosaidia

Pale penye vifaa, upasuaji wa matundu madogo kwa kamera huusumbua utumbo kidogo kuliko kufungua tumbo zima, na watoto hula mapema zaidi. Katika hospitali nyingi za wilaya vifaa hivyo havipo, na daktari anayefungua tumbo kwa upole, akauweka utumbo ndani ya vitambaa vyenye unyevu na joto, huwa amefanya sehemu kubwa ya kazi ileile.

Mpira wa puani ulikuwa ukiwekwa kwa kila mtoto. Sasa unashauriwa kwa anayetapika au aliyefura, na kuondolewa mapema, kwa sababu kukaa nao bila haja huchelewesha kula. Kumpa mtoto maji na maziwa kidogo kidogo siku ya kwanza baada ya upasuaji usio na usaha kumeonekana kuwa salama kwa watoto wengi, na chakula chenyewe huwa kichocheo cha utumbo. Amri hiyo hutolewa na daktari aliyeuona utumbo kwa macho yake. Jamaa anayepenyeza kipande cha chapati chini ya shuka kwa kumhurumia mtoto huweza kumtapisha, na matapishi yakaingia mapafuni.

Kwa watoto wakubwa, kutafuna chingamu huudanganya ubongo kwamba chakula kinakuja, na utumbo hujiandaa. Ushahidi wake kwa watoto bado ni mdogo kuliko kwa watu wazima, lakini ni dawa ya bei rahisi na mtoto huifurahia, mradi ana umri wa kutoimeza. Kutembea husaidia mapafu na mzunguko wa damu. Kwamba kunaamsha utumbo ni imani iliyoenea zaidi ya ushahidi wake, ingawa hakuna sababu ya kumwacha mtoto alale siku nzima.

Kulala na kuziba

Tofauti ambayo mzazi anapaswa kuifahamu ni kati ya utumbo uliolala na utumbo uliozibwa. Uliolala huwa kimya, tumbo hufura taratibu na maumivu huenea bila mawimbi. Uliozibwa hupigana: maumivu huja na kwenda kwa vipindi, mtoto hukunja magoti na kulia kisha hutulia, na matapishi huwa ya kijani. Kizuizi huweza kuwa makovu yanayounganisha utumbo na utumbo, au utumbo ulioingia ndani ya mwenzake, jambo ambalo kwa watoto huweza kutokea ndani ya wiki mbili za mwanzo baada ya upasuaji wowote mkubwa wa tumbo. Dalili ya wazi ni mtoto aliyekwisha kutoa hewa na kuanza kula, kisha akageuka na kutapika tena. Huyo hangojewi aamke. Hupigwa picha, na mara nyingi hurudishwa chumba cha upasuaji.

Katika hali zote mbili, kumwingizia mtoto maji ya mitishamba kwa njia ya haja kubwa ili kumfungua tumbo ni hatari. Mshono mpya huweza kupasuka kwa shinikizo la maji hayo, na utumbo uliovimba hufyonza sumu ya mmea haraka kuliko ulio mzima.

Makovu ya ndani hayana tarehe. Mengi yanayoleta matata hujitokeza katika miaka miwili ya mwanzo, lakini mengine huweza kungoja zaidi ya hapo. Siku ya kuruhusiwa kwenda nyumbani, mzazi anayo haki ya kuomba iandikwe kwa maneno yanayosomeka: tumbo lilipasuliwa kwa sababu gani, sehemu gani ya utumbo ilikatwa na kiasi gani, na kama uliunganishwa au ulitolewa nje. Karatasi hiyo ihifadhiwe pamoja na kadi ya chanjo. Mtoto akitapika nyongo ya kijani au tumbo likafura, hata ikiwa ni mwaka mmoja baadaye na katika hospitali ya nchi nyingine, karatasi hiyo ndiyo ya kwanza kuonyeshwa mapokezi.